Paa la kuvua la Land Rover ya zamani: lipi la kununua ukiwa Mbeya

Mvua zetu huanza Novemba na kwenda hadi Mei, na Tukuyu hata hiyo kalenda hawaifuati. Ndiyo maana mtu wa Uyole au Kiwira akiniuliza anunue paa gani la Land Rover yake ya 109 (namba hiyo ni inchi kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma), simuulizi kwanza ana shilingi ngapi. Namuuliza raba iliyo juu ya kioo cha mbele ina umri gani. Katika mapaa yote niliyosaidia kuvua na kufunga, ni mara chache sana nimeona tone likipita katikati ya bati. Maji huingia penye maungio. Kwa hiyo nimepanga chaguo hizi kwa kuangalia maungio yake kwanza, kisha uzito, kisha mfuko.

Land Rover za zamani, 88 fupi na 109 ndefu, hazivuliwi paa kama magari ya michezo. Porsche 911 Targa, iliyoonyeshwa mara ya kwanza 1965, unatoa kipande kimoja juu ya vichwa vya abiria, unakihifadhi kwenye buti, basi. Letu linatoka zima. Limefungwa kwa boliti kwenye fremu ya kioo cha mbele, linashuka ubavuni hadi kwenye bodi, na linakutana na sehemu ya juu ya milango, ambayo nayo ina boliti zake. Kila pakutanapo vipande viwili ni njia ya maji ukizembea.

Ninaloliweka namba moja ni paa la asili la alumini, lililotumika. Land Rover ilianza 1948 na bodi ya aloi ya alumini kwa sababu Uingereza ya baada ya vita chuma kilikuwa cha mgawo, na shida ile imekuwa neema kwetu. Bati la alumini la milimita 1.2 lina kilo tatu na kidogo kwa mita ya mraba. La chuma la unene huohuo lina zaidi ya kilo tisa. Chukulia paa la 109 kuwa mita nne za mraba: kilo 13 dhidi ya 38, na bado hujaweka fremu. La alumini vijana wawili wanalishusha wakiendelea na mazungumzo yao. Tena uzito wa juu ndio unaolaza gari kwenye kona, na anayeshuka Kitonga na mzigo anajua nazungumzia nini.

Lakini sifa yake kubwa ni kwamba matundu yake yalitobolewa kiwandani. Yanalingana na boliti zako, na raba yake ina umbo linalojulikana. Ukienda kuliangalia, nenda na sumaku na kipimo cha futi. Sumaku haishiki alumini, kwa hiyo ikinasa mahali ujue kuna kiraka cha bati la chuma chini ya rangi. Gonga kwa kidole kote: pakilia butu kuna puti, ile lipu ya kujazia mabonde. Kisha chunguza kuzunguka boliti. Chuma na alumini vikikutana na maji, alumini ndiyo inayoliwa, na utaona unga mweupe na rangi iliyovimba. Unga kidogo unasafishwa. Tundu lililokuwa la boliti na sasa linapitisha kidole, achana nalo. Na usikubali kuambiwa paa la 88 litaongezwa kipande lifike 109, maana hapo umenunua ungio jipya katikati ya paa.

Kero yake ni jasho. Asubuhi ya Julai Uyole, pumzi za abiria hugandia kwenye alumini baridi na kudondoka shingoni, watu wakasema paa linavuja. Bandika ndani mkeka wa foamu ule wa mazoezi, usionyonya maji. Sponji ya godoro hapana, itakunywa na kuoza.

Namba mbili ni turubai la PVC, yaani la plastiki nzito, juu ya matao ya bomba. Kwa mkulima wa viazi wa Uporoto anayevua paa kila msimu, ningeliweka namba moja bila ubishi. La gramu 650 kwa mita ya mraba linatosha, na ukiwa na fremu nzuri mtu mmoja anavua, anakunja, anaweka nyuma ya kiti. Halina ungio juu kama limeunganishwa kwa joto badala ya kushonwa. Uliza hilo waziwazi, maana mshono wa sindano ni mstari wa matundu. Kama fundi ana cherehani tu, mshono ukae ubavuni, usikae juu, na upakwe gundi ya PVC kwa ndani.

Tatizo la turubai ni ukingo wa mbele. Lisipobanwa kwenye kioo kwa ubapa wa chuma au alumini wenye boliti, upepo wa Makambako utaingia chini yake na kulipiga mpaka lichanike. Usifunge kwa kamba peke yake. Matao nayo yawe na mgongo: fundi akiyafanya bapa, maji yatatuama na turubai litafanya tumbo. Jua la huku juu ni kali kuliko baridi yake inavyokudanganya, kwa hiyo turubai jepesi la bluu la kufunikia matofali litakufia baada ya kiangazi kimoja au viwili.

Kanvasi ya pamba ni ndugu yake mkubwa. Inapendeza, haipigi kelele, na nyuzi zake zikilowa huvimba na kuziba zenyewe. Ila ukiikunja mbichi inaota ukungu, na kwetu ni lini itakauka? Ya gari la harusi na picha, sawa.

Namba tatu ni faiba, na hapa nina kidonda. Nilitengenezewa paa la faiba mwezi wa Juni kwenye gereji moja mjini. Umbo zuri, rangi safi. Wiki tatu baadaye ndani bado kunanata na gari linanuka kama duka la rangi. Baadaye ndipo nilipoelewa: resini ya poliesta inataka joto la nyuzi 15 na zaidi ili ikomae vizuri, na asubuhi zetu za Juni haziko hapo. Paa likabonyea katikati, maji yakatuama, nikawa naendesha na bwawa juu ya kichwa.

Faiba si mbaya. Haipati kutu, inazuia baridi kuliko alumini, na paa zima ni kipande kimoja. Liagize kati ya Septemba na Novemba, litengenezwe juu ya umbo la paa halisi, liwe na mbavu za ndani, na pale penye boliti pawekwe bamba la alumini ili lisipasuke. Kilo zake huwa karibu mara mbili ya alumini, kwa sababu fundi akiogopa litavunjika huongeza mata, yale matabaka ya nyuzi za kioo.

Paa la bati la chuma la kuchomelea, lile la "kaka, mimi nakutengenezea hapahapa kwa siku mbili", liache. Ni zito, kila mchomeleo ni mlango wa kutu, na halivuliki. Na lile la tropiki, lenye bati la pili juu ya la kwanza ili hewa ipite katikati, ni zuri kwa anayeishi Kyela. Mtu wa Njombe ananunulia nini kivuli?

Bei siziandiki, kwa sababu hapa hufuata bei ya alumini chakavu na viatu vya mteja. Lakini kabla ya kununua lolote, tenga kwanza hela ya raba mpya. Usiruhusu silikoni inayonuka siki, asidi yake inakula chuma na alumini. Tumia gundi nyeusi ya kubandikia vioo, na hiyo iwe kwenye maungio usiyokusudia kuyafungua tena.

Siku ya kulipa, banisha karatasi kati ya raba na kioo, kisha ivute. Ikitoka kirahisi, maji nayo yataingia kirahisi. Halafu kaa ndani, milango imefungwa, umwagiwe ndoo moja mbele na moja kila ubavu. Fundi akisema maji ya ndoo si sawa na mvua, mkubalie, mvua ya Tukuyu ni kubwa zaidi, na mwambie aongeze ndoo ya nne.