Soksi ya upepo ya uwanja wa ndege za rimoti: ipi inunuliwe, ipi iachwe dukani

Kabla hujauliza bei, jibu swali moja: soksi ya upepo, ule mfuko wa kitambaa unaoonyesha upepo unakoelekea na nguvu yake, itabaki juu ya mlingoti wiki nzima, au itashushwa kila mkimaliza kurusha? Hapo ndipo kitambaa kinapoamuliwa. Rangi, mistari na jina la kampuni vinasubiri. Kinachofuata kwa uzito ni shingo, yaani pete ya mdomo na pale soksi inapozungukia, ingawa wauzaji wengi hata hawaipigi picha sehemu hiyo.

Soksi nyingi haziuawi na dhoruba, huchakaa taratibu. Jua hula nyuzi mpaka kitambaa kinapasuka kama karatasi ukikivuta kwa vidole viwili. Mkia hupigapiga mpaka pindo linafumuka. Na pete ya chuma cha kawaida hushika kutu, kisha kutu hiyo inakisaga kitambaa kila soksi inapogeuka. Mwambao, kwa ajili ya chumvi ya bahari, kutu mara nyingi hutangulia jua. Bara ni vumbi, linaloingia kwenye beringi isiyo na kifuniko na kuifunga, na soksi iliyokwama inaonyesha upepo wa juzi.

Kuhusu ukubwa, usiige uwanja wa ndege za abiria. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linapendekeza soksi yenye urefu usiopungua mita 3.6 na mdomo wa kipenyo kisichopungua mita 0.9. Uwiano huo wa nne kwa moja ufuate. Vipimo vyenyewe viache, maana vimewekwa kwa rubani anayetazama kutoka angani. Wewe umesimama chini, hatua chache kutoka mlingotini. Urefu wa mita 1 hadi 1.5 unakutosha. Kwa viwango vya Marekani, soksi ya uwanja wa ndege hunyooka kabisa upepo unapofika noti 15, karibu kilomita 28 kwa saa. Anayejifunza kwa ndege ya povu isiyofika kilo moja, upepo wa namna hiyo ni wa kukunja virago. Yeye anataka kujua yanayotokea kati ya kilomita 5 na 20 kwa saa, na soksi nzito haina la kumwambia hapo.

Sasa niziweke kwa daraja, bora ikitangulia.

1. Poliesta nyepesi yenye pete ya stenlesi

Kama soksi haishushwi, nunua hii. Poliesta huvumilia jua kuliko nailoni na hainywi maji mengi, kwa hiyo mvua ikikatika inainuka mapema. Tafuta iliyofumwa kwa miraba midogo ya nyuzi nene, ile ambayo ikitoboka tundu halitambai. Ikiwa mko karibu na bahari, ulizia stenlesi ya daraja la 316. Ya 304 ni nzuri bara, lakini hewa ya chumvi huitia madoa ya kutu.

Ukiishika mkononi, anza na mdomo. Kitambaa kiwe kimekunjwa tabaka mbili au tatu kuizunguka pete, na matundu ya kamba yawe na macho ya shaba ya manjano, si bati lililopakwa rangi ya dhahabu. Mshono uwe wa mistari miwili na uzi uwe wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba huoza wakati kitambaa bado kizima. Kisha zungusha shingo kwa kidole kimoja. Ikizunguka na kuendelea yenyewe, lipia. Ikisita ingali mpya, itakwama kabisa ikionja vumbi.

Ukiagiza kutoka nje, agiza soksi na pete peke yake. Usafirishaji wa mlingoti unaweza kuzidi bei ya soksi yenyewe, na mlingoti ni kitu kinachopatikana mtaani kwako.

2. Ya kushonesha kwa fundi

Wengine wataona nimeipandisha mno. Lakini kwa klabu ya watu wachache, soksi ya fundi cherehani mzuri inaishinda nailoni ya kuagiza, kwa sababu kitambaa kikichakaa unabadilisha kitambaa tu, na kipimo tayari fundi anacho.

Kwa soksi ya mita 1 yenye mdomo wa kipenyo cha sentimita 25 na mkia wa kipenyo cha sentimita 12, akate vipande vinne vinavyofanana. Kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 20 juu, kipungue hadi 9.5 chini, na kila upande uongezewe sentimita 1.5 za mshono. Kitambaa kiwe poliesta nyepesi ya mahema au ya miavuli. Kanga iliyozeeka ina rangi nzuri, lakini ni pamba: ikilowa inaning'inia hadi mchana. Pete itengenezwe kwa waya wa stenlesi wa milimita 3.

Pesa uliyookoa ipeleke kwenye beringi. Namba 608-2RS, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, ndiyo inayotumika kwenye magurudumu ya skeiti, na ina vifuniko vya mpira pande zote mbili vinavyozuia vumbi. Weka mbili kwenye ekseli, yaani fimbo ambayo shingo huizunguka, moja sehemu ya juu na moja sehemu ya chini, ili shingo isilegee ikaanza kuyumba.

3. Nailoni nyepesi, ya aina ya tiara

Huinuka kwa upepo mdogo kuliko zote. Wakati wa tangambili, kaskazi imetulia na kusi haijashika, upepo unapogeukageuka bila nguvu, utaipenda hii. Tatizo ni jua. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, miale inayoharibu nyuzi ni mikali kuliko pwani, hata siku unayoona baridi. Hii ni soksi ya kukunjwa na kurudi nyumbani kwenye begi pamoja na betri. Ukiwa na nidhamu hiyo, ipandishe daraja hadi ya pili.

4. Ya uwanja wa ndege halisi

Kuna wakati mtu hupata iliyotumika, ya nailoni nzito iliyopakwa plastiki, na kuleta klabuni kama zawadi. Mshukuruni. Inadumu kweli, lakini inataka mlingoti mnene wenye msingi wa zege, na asubuhi tulivu inalala tu. Inafaa klabu yenye ndege kubwa za injini ya petroli zinazorushwa hata kusi ikivuma.

5. Pambo la bustani

Lile la rangi za upinde wa mvua na nyuzi nyingi mkiani, linaloning'inia kwa swiveli, kile kiungo kidogo kinachozunguka, ya mshipi wa kuvulia. Nyuzi hujisokota, na rangi hupauka. Acha.

Utepe mwepesi juu ya fimbo sikuupa namba kwa kuwa si soksi, lakini warusha glaida, ndege zisizo na injini, huupenda kwa haki. Utepe huo huhisi pumzi ndogo kabisa, na hewa ya joto inapopanda karibu, utepe hugeuka kuielekea. Funga mmoja hata kama mna soksi ya bei kubwa.

Kuhusu rangi: ya machungwa inaonekana vizuri mbele ya miti, lakini mbele ya udongo mwekundu inapotea, kwa hiyo huko chukua mistari ya machungwa na nyeupe. Zile rangi kali zinazong'aa huvutia dukani, ila jua huzimaliza mapema.

Mlingoti wa mita 4 au 5 unatosha. Bomba la plastiki hupinda kwa joto. Bomba la chuma ni imara, na kwa sababu hiyo hiyo ndege ikiligonga hakuna kinachobaki. Tena likiachwa uwanjani usiku huenda likaamkia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mimi nachagua mwanzi mkavu. Hauibwi, na ukigongwa unavunjika, jambo ambalo hata viwanja vikubwa hulitaka kwa milingoti iliyo karibu na njia ya kurukia.

Uusimike mwisho wa mstari wa marubani, pale wanaposimama wenye rimoti, mahali pa kutupia jicho bila kugeuza kichwa, mbali na miti na mapaa. Nyuma ya kizuizi upepo huvurugika. Umbali wa mara kumi ya kimo chake ni salama. Chini ufungwe kwa bolti mbili kati ya nguzo fupi mbili, ili ukichomoa moja mlingoti ulale na kitambaa kibadilishwe bila ngazi.