TAHADHARI: anaeuza mita za mwanga za zamani hapa mjini

Jamani wapiga picha za mkanda wa Unguja na Pemba, kuna mtu anauza mita za mkononi za kupimia mwanga, Sekonic L-398, ile yenye kibakuli cheupe, anakwambia kaachiwa na mgeni na haitaki betri. Hapo kwenye betri hajadanganya. Mengine uongo mtupu, na mie keshanila laki na themanini.

Natumia Zenit-E ya Mrusi, mita yake ilishakufa hata sijainunua, ndo maana hii nkaitamani. Kanitumia video anaimulika kwa tochi ya simu, mshale unapanda mbio, nkasema hii nzima, nkatuma pesa, mzigo ukaja kwa bodaboda na kesho yake nkaenda nayo Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, sikukuu yetu ya mwaka mpya. Jua la saa saba, mkanda wa ISO 100 (ndo wepesi wake wa kushika mwanga), mita yanambia 125 kwa f/4, yaani sehemu ya 125 ya sekunde na tundu la lenzi wazi! Jua lile kwa 125 ni f/16, tundu dogo, kila mtu anajua, na mie najua, lakini mjinga nkaamini mshale. Nimesafisha mkanda, negative nyeusi tii kwa mwanga kuzidi, kina mama na nguo zao za sikukuu, kile kibanda kinavoungua, hakuna kitu, na Mwaka ndo mpaka mwakani tena.

Ujanja wake nimekuja kuujua baadae. Mita hii ina kibati chenye vitundu, unakichomeka juu ukiwa juani ili kipunguze mwanga. Kwenye video kakitoa na tochi kaisogeza karibu kabisa, sasa seli ya seleniamu, ile inayogeuza mwanga kuwa umeme wa kusukuma mshale, hata iwe taabani mshale utapanda tu. Seli hizi huchoka kwa umri na unyevu, na unyevu wa hapa kwetu munaujua wenyewe.

Akikupata mwambie mkutane Forodhani mchana kweupe. Toa kibati, ielekeze juani, mshale lazima ugonge mwisho paa! Wa kwangu unaishia njiani. Kisha rudisha kibati, pima tena, kwa ISO 100 ikikupa mbali na 125 kwa f/16 muachie mwenyewe.

Nlipompigia kanambia "sheikh wangu labda hujui kuitumia", halafu ntakutumia nyengine, halafu kaniblok. Jana rafiki yangu wa Wete katumiwa video ile ile, meza ile ile yenye kitambaa cha maua mekundu, bei imeshuka laki na nusu. Kashatanguliza elfu hamsini.