TAHADHARI: Muuza mbegu za stroberi, ile sauti anayowatumia ni yangu

Ndugu zangu wa Mtwara, Lindi na Masasi, kama umetumiwa sauti ya mama anayesema "zimeota mwanangu, Mungu akuzidishie", huyo mama ni mimi na mbegu zile ni za uongo. Usilipe hata mia. Aliyekutumia ni tapeli, ameichukua sauti yangu bila ruhusa na anaitumia kuvulia watu.

Mwaka huu nilitaka shughuli ya kufanya hapa hapa uani. Na kitinda mimba wangu tangu arudi kutoka Dar ni stroberi tu anazozitaka. Basi nilipoona matangazo ya huyu kijana, makopo yamepangwa barazani na matunda mekundu yananing'inia, nikamwandikia kuuliza bei.

Hakujibu kwa maandishi, alipiga. "Shikamoo mama." Akasubiri niitikie, akauliza hali ya nyumbani, ndipo akaingia kwenye biashara. Akaniuliza niko mtaa gani, nikasema Chuno. Akasema bibi yake mzaa mama ni wa Newala na yeye kalelewa Ligula kwa mjomba wake. Akataja barabara ya hospitali, akataja samaki wa Feri, akataja mpaka vumbi la msimu wa korosho. Mtu wa namna hiyo utamwitaje mgeni?

Kisha akapiga ya video. Nikaona mikono imevaa glavu, kimzani kidogo kama cha wauza dhahabu, na karatasi nyeupe. Akamimina vimbegu polepole huku ananieleza: "Hii gramu moja mama, humu mna mbegu zaidi ya elfu. Hizi nyekundu, hizi nyeupe, na hizi ndizo za bluu, hazipatikani kirahisi." Akanionyesha na picha ya stroberi za bluu, bluu kabisa kama kanga mpya. Nami sikukaa kimya. Nilimuuliza swali la maana: stroberi si za Lushoto na Njombe kwenye baridi, hili joto letu zitaliweza? Hakumeza hata mate. Akasema hizi zimeshazoeshwa pwani, hazina haja ya friji, siku nne tu zinachomoza. Akaniita "mama yangu" mara zisizo na idadi.

Nikalipa 60,000. Jina lililotokea kwenye muamala ndilo alilonitajia. Asubuhi yake akaniambia mzigo umekwama, inatakiwa 15,000 ya cheti cha mimea, nikatuma nayo. Akanitumia picha ya risiti ya basi, na kweli nikaenda stendi ya mabasi ya Mkanaledi nikakuta bahasha ina jina langu. Hapo ndipo ninapowaomba mnielewe. Tapeli tunayemjua sisi anakula hela na kuzima simu. Huyu mzigo ulifika! Vifuko vya zipu vimeandikwa rangi kwa kalamu ya wino, na karatasi ya maelekezo. Ni nani kati yenu angeshtuka?

Nikachanganya udongo na samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikakata madumu, nikapanda, nikaweka chini ya mwembe. Zikaota haraka kama alivyosema, zimejaa dumu zima. Kwa furaha ile nikampigia picha, akaniomba na sauti kidogo, "mama nisikie tu ulivyofurahi". Nikamrekodia. Sauti ndiyo hiyo mnayoisikia.

Mama mkwe alipokuja kutoka Nanyamba akasimama juu ya madumu yangu, akachuma jani moja akalisugua. Akasema, "Mbona umepanda mchicha kwenye madumu na shamba lipo?" Watoto wapo, majirani wapo. Uso ulinishuka mpaka leo. Kifuko cha bluu hakikuota kitu kabisa. Nikamwandikia, akasoma, akanifungia. Halafu binti wa kaka yangu akapiga kutoka Masasi: "Shangazi, nimesikia sauti yako nikajua ni salama, nimeshalipia." Hilo limeniuma kuliko 75,000 yangu.

Nimeuliza kwa mtu anayelima Lushoto, haya ndiyo aliyoniambia. Mbegu ya stroberi ni ndogo sana, kama milimita moja, ya kahawia, ndizo zile punje zinazoonekana nje ya tunda. Nilizotumiwa zilikuwa nyeusi, za mviringo, zinang'aa, na hizo ni za mchicha. Stroberi ya bluu haipo duniani, ni picha imebadilishwa rangi. Mbegu ya stroberi ni nzito kuota, wiki mbili tatu na wakati mwingine zaidi ya mwezi, na wengi huiweka kwanza kwenye friji wiki kadhaa ikiwa na unyevu. Haifukiwi, inawekwa juu ya udongo kwa sababu inataka mwanga. Jani lake likikomaa linakuwa na vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja, vyenye meno pembeni. Anayekwambia siku nne, muulize anauza nini. Tena wakulima wenyewe hawapandi mbegu, wanapanda miche inayotoka kwenye vitawi vinavyotambaa kutoka kwa mmea mama, kwa sababu mbegu ya stroberi hizi kubwa za sokoni haizai tunda sawa na mama yake. Na joto likipita nyuzi 30, hata mche mzima unasita kutoa maua. Mbegu iliyothibitishwa ina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kwenye pakiti, vifuko vyangu havikuwa na lebo yoyote. Na ile hela ya cheti baada ya kulipa, hapo napo mwogopeni.

Mengine nitayakumbuka baadaye, sasa hivi nina hasira. Huyu kijana afungwe. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, isiishie kwenye vitabu. Arudishe hela ya kila mama aliyemwita "mama yangu", arudishe mbele ya watu, na bibi yake wa Newala kama yupo kweli aitwe aje asikie mjukuu anavyolitumia jina lake. Watu wametoa hela ya korosho, wametoa hela ya ada, yeye anawauzia mchicha!

Namba yake nimeshaituma 15040, namba ya kuripoti matapeli wa simu. Polisi nimefika, wanataka taarifa ya miamala iliyochapishwa, naifuatilia. Yeyote aliyemlipa, awe Lindi, Masasi, Tandahimba, popote, anitumie ujumbe wa muamala wake na hivyo vifuko asivitupe, Jumatatu nakwenda navyo kituoni. Na hiyo sauti yangu ukiipata kwenye simu yako, ifute, usimtumie mtu.