TAHADHARI: Muuza kesi (makasha) ndogo za kompyuta, nimepigwa mchana kweupe

Wakuu, nimepigwa. Ndiyo, mimi, yule yule ninayewakosoa wenzangu wakifunga mashine. Chekeni kwanza mmalize.

Ile kadi yangu ya michoro (GPU) mnaijua, ya urefu wa milimita 305. Nikamwambia jamaa waziwazi: kesi iwe ndogo, sawa, ila kadi hii lazima iingie. Hakubisha. Akanipigia simu ya video, akafungua ubavu, akamulika tochi, akachomoa futi ya chuma na kuivuta taratibu kutoka nyuma, pale kadi inapofungwa skrubu, mpaka mbele. "Soma mwenyewe, bosi." Nikasoma 330. Nikamwomba arudie, akarudia bila kununa. Sasa mtu anayepima mara mbili mbele ya macho yako utamshuku kwa lipi? Pesa yote nikaituma kabla hata hajakata simu.

Mzigo umefika jana. Kadi ikagota. Nikainamisha, nikageuza, nikang'oa feni ya mbele, bado. Ndipo nikashika futi yangu: chuma kwa chuma, 300 kamili. Mshenzi yule alikuwa ameilaza futi kwenye ukingo wa nje, ikapitiliza mpaka kwenye uso wa plastiki, na mimi macho yote kwenye namba!

Pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme, nayo haikai. Nafasi ni ya SFX, saizi ndogo, yangu ni ATX, saizi kubwa, na ile kubwa niliyoiona kwenye video ilikuwa imeegeshwa tu, haina hata skrubu moja. Halafu vile viguu vinne vya kushikia mazabodi, ule ubao mkuu wa mashine: kimoja uzi umeliwa, kimejazwa gundi. Nilipogusa na bisibisi kikatoka chote, na unga mweupe ukamwagika mezani.

Nampigia, hapokei. Ujumbe tiki moja. Mtu huyu anyang'anywe simu, anyang'anywe futi, na apewe kesi ya kweli, ile ya mahakamani! Nikimpata nampeleka mwenyewe.

Dalili? Zilikuwepo. Jina la modeli hakutaja ("zote zinafanana hizi"), picha ya ndani ikiwa tupu alizungusha zungusha mpaka nikasahau, na kamera haikutoka ubavuni hata mara moja.

Mwenye kadi isiyozidi 290, na pawasaplai ya SFX, aje aichukue. Feni ya mbele ataiacha nje. Viguu vipo vitatu.