Pampu ya joto ya kuchemshia maji: uzoefu wangu baada ya misimu miwili ya baridi Lubumbashi

Kwa miaka mingi maji ya kuoga ya mama yangu mzazi, ambaye tunaishi naye hapa mtaa wa Bel-Air, yalichemshwa juu ya mbabula, yaani jiko la makaa. Wageni hudhani Lubumbashi ni mji wa joto mwaka mzima, kumbe uko kwenye nyanda za juu, mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai, wakati wa kipwa, yaani kiangazi chetu, joto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mke wangu alikuwa akiwasha makala (makaa) saa kumi na moja, uani, hata upepo ukivuma, kwa kuwa hewa yenye sumu inayotoka kwenye mbabula haina rangi wala harufu na inaweza kuua watu waliolala chumbani. Tangi letu la umeme, la wati 2,000, lilikuwa likiangusha swichi kuu kila pasi ilipochomekwa.

Ndipo nikanunua tangi la lita 200 lenye pampu ya joto juu yake. Ni friji iliyogeuzwa kazi: friji hutoa joto kwenye chakula na kulitupa nyuma yake, na pampu hii huchukua joto la hewa iliyoizunguka kwa gesi iliyomo ndani yake, kompresa ikaikandamiza gesi hiyo hadi ipate moto zaidi, kisha joto likaingia kwenye maji. Umeme hautumiki kutengeneza joto bali kulihamisha, na tofauti hiyo nimeiona kwenye mita ndogo niliyoifunga kwenye waya wake. Kuyatoa maji ya tangi zima kwenye nyuzi 18 hadi 55 kunahitaji kilowati-saa 8.6 za joto. Mwezi Oktoba, ambao kwetu ni wa joto kali, mita ilionyesha 2.9 tu.

Faida iliyonigusa zaidi, hata hivyo, ni kuhusu delestaji, yaani mgao wa umeme. Kifaa hiki huvuta wati 600 hivi, kwa hiyo kinafanya kazi hata siku ambazo umeme wetu ni dhaifu, na tangi lililofunikwa vizuri hutunza joto usiku kucha. Umeme ukija saa tano mchana na kuondoka jioni, maji ya kesho yamekwisha kupatikana. Mwanzoni nilikuwa nakiwasha usiku, nikashangaa kuona mwezi Julai mita inapanda hadi 3.9, kwa sababu hewa ya usiku ina joto kidogo la kuchukua. Nilipohamishia kazi yake mchana, ambapo hata kipwa hewa hufika nyuzi 25, ilishuka hadi 3.1. Anayenunua aanze na hilo.

Kosa kubwa lilitokea wakati wa kufunga. Fundi alikiweka kwenye stoo isiyo na dirisha, akisema kitakuwa salama dhidi ya wezi. Baada ya wiki moja stoo ilikuwa baridi kama chumba cha nyama, gunia la unga tukalitoa mbio, na maji yakabaki vuguvugu, maana pampu ilikuwa ikizungusha hewa ileile iliyokwisha kunyonywa joto. Tulikihamishia kwenye baraza ya nyuma, chini ya paa, tukakiwekea wavu wa chuma, na tangu hapo hakijatusumbua. Huko hudondosha maji safi ya unyevu wa hewa kwenye ndoo, tone baada ya tone, hasa masika. Hayo ni ya kawaida na wala si dalili ya kuvuja.

Bei yake ni kubwa, zaidi ya mara tatu ya tangi la kawaida, na mtu anayeishi peke yake sioni sababu ya kumshauri akinunue. Huchukua saa tano kupasha tangi zima, kwa hiyo mgeni akija ghafla jioni, atasubiri. Nililazimika pia kununua kifaa cha kusawazisha volteji ili kompresa isiungue umeme unaporudi kwa kishindo.

Mbabula sasa ni ya kusongea bukari (ugali) na kuchomea samaki. Gunia la makala, ambalo lilikuwa likiisha ndani ya wiki tatu za kipwa, mwaka huu limetufikisha wiki ya saba. Mama huamka anapotaka mwenyewe, hufungua bomba, hushika maji kwa kiganja kwanza, kisha hufunga mlango wa bafu bila kumwita mtu.