Kizibo cha moyo nakisifu, lakini waliokataa kukiangalia wamenichafua roho

Nilikusudia kuandika sifa tupu. Tundu lililokuwa kati ya vyumba viwili vya juu vya moyo wangu limezibwa bila kifua kupasuliwa, napanda ngazi za shule ninapofundisha hapa Lubumbashi bila kusimama katikati, na kama ningeandika siku niliyoruhusiwa kutoka hospitalini Dar es Salaam, ningewapa maksi zote na kuongeza nyingine juu. Naandika sasa, baada ya kupita katika hospitali moja ya hapa kwetu ambayo sitaitaja jina, na hasira niliyotoka nayo bado haijapoa.

Nianze na yanayostahili sifa kabla hasira haijayafunika. Kwa miaka mingi nilitibiwa pumu ambayo sikuwa nayo. Tundu hilo nilizaliwa nalo. Lilikuwa na upana wa milimita 14, tena katikati ya ukuta na lenye kingo za kutosha, na daktari wa Dar es Salaam alilisisitiza sana jambo hilo la kingo, kwa sababu tundu lililo chini kabisa karibu na vali, au lile la juu karibu na mshipa mkubwa, halizibwi kwa kifaa bali kwa upasuaji.

Siku ya kutangulia kazi yenyewe alikuja na kizibo cha kuonyesha wagonjwa. Ni wavu wa nyuzi nyembamba za nikeli na titani, wenye visahani viwili vilivyounganishwa na kiuno kifupi, mfano wa vifungo viwili vya shati vilivyoshonwa mgongo kwa mgongo. Alikivuta ndani ya mrija mwembamba kikanyooka chote. Alipokisukuma kikachanua kisahani cha kwanza, kisha cha pili, kikarudia umbo lake kana kwamba hakikuguswa. Akanipa nijaribu mwenyewe. Halafu akaniuliza, "Mama, hereni za bei nafuu huwa zinakuwasha masikio?" Nilidhani ananitania, kumbe alitaka kujua kama mwili wangu unaikataa nikeli. Akanieleza kwamba kizibo hupitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi moyoni, na kwamba kinapokuwa bado kimeshikwa kwa skurubu kwenye waya wake, hukivuta na kukisukuma kidogo waone kama kimeng'ang'ania. Wasiporidhika hukirudisha mrijani na kuanza upya, na wakiridhika ndipo hufungua skurubu. Nililazwa usingizi wa dawa. Nilipoamka nilikuwa na bandeji kinenani, koo lililokwaruzwa na kipimo walichokipitisha humo, na amri ya kulala chali kwa saa kadhaa bila kukunja mguu. Ni hayo tu.

Niliondoka na aspirini ya miezi 6, maana katika muda huo utando wa moyo huota juu ya wavu na kuufunika. Nilikatazwa kubeba bidoni za maji kwa wiki kadhaa, na nikaagizwa kwamba nikienda kung'oa jino kabla miezi hiyo haijapita, nimeze kwanza antibiotiki. Nilipewa pia kadi yenye jina na namba ya kizibo, pamoja na barua ya daktari, iliyoandikwa kwa Kiingereza.

Wiki chache baada ya kurudi nyumbani, moyo ulianza kuruka mapigo usiku. Nilikuwa nimeonywa kwamba jambo hilo si la ajabu katika miezi ya mwanzo na mara nyingi hutulia lenyewe. Lakini nilikuwa nimeonywa vilevile kwamba dalili za kifua zisipuuzwe, kwa sababu kizibo huweza, ingawa ni nadra sana, kuhama mahali pake, au ukingo wake kusugua ukuta wa moyo hadi damu ijae katika mfuko unaouzunguka. Kinachotofautisha dogo na kubwa ni ekografi, yaani picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti. Kulipokucha nikaenda penye ekografi, nikalipa kesi, yaani kwenye dirisha la malipo, nikapewa risiti, nikakaa kwenye benchi.

Mama aliyekuwa mezani aliichukua barua yangu kwa vidole viwili, akaitazama kichwani na mkiani, akairudisha. "Hapa tunasoma Kifaransa." Nikamwambia niko tayari kumfasiria daktari, tena namba ya simu ya Dar es Salaam iko hapo chini. "Hii si dosye yetu." Nikamwomba basi anifungulie dosye mpya, yaani faili la mgonjwa. Akaanza kuzungumza na mtu mwingine juu ya chaji ya simu, nami nimesimama mbele yake mkono kifuani. Mlango wa chumba cha ekografi ulikuwa wazi, kitanda kitupu, mashine inawaka. Daktari alipotokea nikashukuru Mungu mapema mno. Hakuniuliza nasikia nini. Alisema, huku akivua glavu, "Waliokuwekea hicho chuma ndio wanaojua walichofanya. Dola mlizipeleka huko, rudini huko."

Huko ni wapi? Ni kupita Kasumbalesa, kuikata Zambia, kuvuka Nakonde na Tunduma, kisha kuanza kuitafuta bahari, na moyo unaruka mapigo! Halafu hicho "chuma" anachokisema kana kwamba nimekipata kwa mganga, si uzushi wa juzi. Tundu la aina hii lilizibwa kwa mara ya kwanza kupitia mshipa wa msichana wa miaka 17 kule New Orleans mwaka 1975, na kizibo cha wavu kilichobuniwa na Kurt Amplatz kilipata kibali nchini Marekani mwaka 2001. Mimi ni mwalimu wa jiografia, nami ninajua hayo. Pesa yangu, kwa taarifa yenu, haikurudishwa.

Nilihudumiwa kwingine, katika kliniki ndogo yenye daktari kijana, ambaye alikiri kwamba hajawahi kuona kizibo cha namna hii ndani ya moyo wa mtu, akavuta kiti, tukaisoma barua pamoja neno kwa neno. Aliviona visahani viwili, kimoja kila upande wa ukuta. Damu haikuvuja katikati, mfuko wa moyo haukuwa na maji, na upande wa kulia wa moyo, uliokuwa umetanuka, ulikuwa umeanza kupungua. Mapigo yametulia tangu hapo.

Je, nimshauri mtu wa Lubumbashi afanyiwe? Jana ningejibu hapana, kwa sababu atawekewa kitu kinachohitaji kuangaliwa tena na tena, halafu arudi kwa watu wanaofukuza wagonjwa. Leo nasema afanyiwe, ila kabla ya kusafiri atafute kwanza daktari wa hapa atakayekubali kumfuata, na asiondoke kule bila barua ya Kifaransa na picha zake. Kizibo nakipa maksi zote. Huduma nzima, kutoka mwanzo hadi hapa nilipo, siwezi kuipa hata nusu.

Kipimo cha mwaka kinakaribia na nitakwenda kwa yule kijana, ingawa picha zake hutoka na ukungu. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba mashine ya wale wengine ndiyo nzuri kuliko zote nilizoziona mjini.