Maonyesho ya Utumwa Mkunazini: Soko Limeelezwa Vizuri, Yaliyofuata Itabidi Uulize

Maonyesho ya biashara ya watumwa pale Mkunazini, Mji Mkongwe wa Zanzibar, yanastahili kiingilio chake, mradi uyapitie kwa mpango. Soma kwanza mabango ya maelezo, ndipo ushuke kwenye vyumba vya chini, kisha sanamu za Clara Sörnäs (1998), kanisa la Anglikana lililojengwa palipokuwa soko liwe la mwisho. Wengi hukimbilia vyumbani, wakatoka na simanzi tu.

Vyumba vyenyewe dari ni fupi, utainama. Utaambiwa watumwa walifungiwa humo kabla ya kunadiwa. Pokea kwa tahadhari: jengo lililo juu yake ni la misheni, lilijengwa baada ya soko kufungwa Juni 1873, na wanahistoria wanalitilia shaka dai hilo.

Kasoro kubwa ni uzito mdogo unaopewa miaka iliyofuata. Mgeni huondoka akidhani Sultani Barghash alipokubali mkataba na Waingereza mwaka huo wa 1873, utumwa ukaisha. Kilichokoma kisheria ni soko na usafirishaji wa baharini. Utumwa wenyewe ulingoja amri ya Sultani Hamoud ya 6 Aprili 1897, nayo haikumwachia mtu huru hivi hivi. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia akalipwa bwana! Masuria hawakuingizwa katika haki hiyo hadi 1909.

Ndiyo maana wengi walibaki kwenye mashamba yale yale ya karafuu, wakipalilia chini ya mikarafuu ya mwenye shamba kwa ruhusa ya kulima muhogo wao. Kupanda mti wa kudumu hawakuruhusiwa, maana mti huzaa madai ya umiliki. Mjini, katika mitaa ya Ng'ambo iliyo nje ya Mji Mkongwe, wanawake waliacha kaniki, vazi la utumwa, wakajifunga kanga, baadaye wakavaa buibui. Kisha sensa za Waingereza zikawapanga watu kwa makabila, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ukafuata mpango huo. Bila hayo, siasa za miaka ya 1950 na Mapinduzi ya 12 Januari 1964 hazieleweki.

Kwa hiyo kabla ya kukubaliana bei na mtembezaji, muulize kuhusu amri ya 1897. Akikujibu kwa habari za Livingstone, mmisionari aliyepinga utumwa, tu, tafuta mwingine. Tiketi kata dirishani, si kwa mapapasi (vijana wanaowaandama wageni mitaani), na kanisani funika mabega na magoti.